Siasa Imo Kitabuni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu ili nijibu neno lililosemwa mara nyingi katika baraza za wanachama, nalo likiachwa bila jibu litahesabiwa kuwa kanuni. Neno lenyewe ni hili: kwamba vitabu bora vya zamani, yaani tungo za malenga wa pwani, hadithi za marehemu Shaaban Robert, na michezo ya Shakespeare iliyofasiriwa kwa Kiswahili, visomwe kwa ajili ya lugha nzuri na maadili mema tu, na kwamba mtumishi wa serikali atafutaye siasa ndani yake anatoka katika mpaka wa kazi yake na kukivunjia kitabu heshima. Kwa sababu ya neno hilo limetolewa shauri kwamba kabati la vitabu la chama lipangwe upya, na vitabu vinavyozusha mabishano ya siasa viwekwe kando.

Wako wanachama wengine, wengi wao vijana, waliolijibu shauri hilo kwa ukali. Wao husema kwamba kila kitabu cha kale lazima kiulizwe kwanza kilikuwa upande wa nani, na kikionekana hakikuwa upande wa wanyonge, basi thamani yake imekwisha.

Mimi nasimama mbali na makundi haya mawili. Nasema siasa imo katika vitabu hivyo. Waliitia watungaji wenyewe kwa kusudi, na asiyeiona amesoma nusu. Nasema vile vile kwamba siasa hiyo ni mali ya kitabu, si mali ya msomaji, wala msomaji hana ruhusa ya kuitoa yake mfukoni akaibandika humo kama stempu juu ya bahasha ya mtu mwingine. Maneno haya mawili huonekana kama yanapingana. Nitajaribu kuonyesha kwamba ni neno moja.

Na tuanze na jina la kitu tunachogombania. Siku hizi mtu akisikia siasa hufikiri vyama, kura na mikutano ya hadhara. Lakini wazee wetu walipomwambia mtu afanye jambo kwa siasa, walimtaka alifanye kwa upole, kwa utaratibu na kwa akili, asije akaliharibu. Maana zote mbili zimo katika lugha yetu, na zote mbili hutazama shina moja: namna ya kuendesha mambo ya watu. Nani aamuru, nani atii, kwa haki gani, na aliyedhulumiwa akaseme wapi? Kama hiyo ndiyo siasa, ni kitabu gani kikubwa cha zamani kisichokuwa nayo? Mtungaji aliyeandika habari za mfalme, kadhi, tajiri, mtumwa, mume na mke, ameandika siasa hata kama hakulitaja neno hilo katika ukurasa wo wote.

Mfano wangu wa kwanza ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Aliishi katika zama ambazo Wamazrui waliitawala Mombasa na Sayyid Said wa Omani aliitaka. Alikuwapo zama za vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, ambamo watu wa Lamu waliwashinda watu wa Mombasa na Pate. Akaishi hata akauona mji wake ukiingia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837. Mashairi yake mengi yalikuwa silaha katika ugomvi huo. Yalichochea, yalikejeli, yalionya, na yalijibu maneno ya malenga wa upande wa pili. Tungo hizo zilihifadhiwa kwa juhudi ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kisha William Hichens akazichapisha mwaka 1940.

Sasa mpe msomaji diwani hiyo, umwambie asome lugha tu na aiache siasa. Atasoma nini? Ataona mafumbo asijue yamefumbwa kwa ajili ya nani. Ataona kejeli asijue nani aliyekejeliwa. Atasifu vina na mizani kama mtu asifiaye ala ya upanga, ilhali hajui kwamba upanga umo ndani. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na ndugu zetu wanaotaka tusome bila siasa wanatuomba, kwa adabu njema kabisa, tukubali kuwa wajinga.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili. Muyaka huyo huyo alitunga mashairi ya mapenzi, ya nyumbani na ya taabu za kila siku. Mtu mwenye pupa ya siasa hawezi kuyaacha yakae hivyo. Akikuta shairi la mtu anayemlilia mpenzi wake, atasema mpenzi ni Mombasa. Akikuta shairi la ndoa yenye ugomvi, atasema mume ni sultani na mke ni raia. Huenda ikawa kweli mahali pamoja, na mahali kumi isiwe kweli. Je, ameonyesha ushahidi katika shairi? Hapana. Amesema tu kwa kuwa ndivyo apendavyo. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na ngozi ya marehemu ni rahisi kuivuta, kwa sababu mwenyewe hayupo kusema imetosha.

Mfano wangu wa pili ni mtu wa kazi yetu sisi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, na baadaye akatumikia idara nyingine. Aliijua meza kama tunavyoijua sisi: wino, mhuri, daftari, barua za mkuu wa idara, na uhamisho ujao bila kuulizwa. Mtu huyo aliandika Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, nacho ni habari za nchi iliyoko angani, ambayo karani ye yote akiisoma huhisi kwamba amekwisha kufanya kazi huko.

Kiini cha kitabu hicho ni mashtaka. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea kwake Karama aeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita ili watafute mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alikwenda kwa taabu, akarudi na shauri jema, akalipwa kifungo. Mwisho Karama aachiliwa, na wajumbe wafunguliwa.

Sasa sikilizeni jinsi kitabu hiki kinavyoibiwa na wezi wawili kutoka milango miwili. Mwizi wa kwanza husema: hii ni hadithi ya maadili, hufundisha ukweli, subira na uvumilivu, nukuuni methali zake mwendelee. Majina kama Majivuno na Karama humsaidia, kwa sababu huonekana kama majina ya tabia, si ya watu. Lakini tabia hizo hazikutundikwa hewani peke yake. Ziliwekwa katika kiti cha enzi, katika uwaziri na katika kizimba cha mshtakiwa. Majivuno ya mtu wa kawaida humdhuru yeye na jirani zake. Majivuno ya waziri hujaza gereza. Mtungaji aliyeyapa majivuno uwaziri alijua afanyalo, na msomaji anayeisoma tabia asisome cheo ameacha nusu ya sentensi.

Mwizi wa pili husema: Kusadikika ni serikali ya Kiingereza, basi, habari imekwisha. Hapana shaka mtungaji aliishi chini ya serikali hiyo, na aliyoyaona humo yaliingia katika kalamu yake. Lakini tazameni hasara ya kusoma hivyo. Kitabu kilichapishwa mwaka 1951; Tanganyika ilipata uhuru mwezi wa Desemba mwaka 1961. Kama Kusadikika ni Waingereza na si wengine, basi kitabu kilifanya kazi miaka kumi tu kisha kikastaafu bila ya pensheni. Kila mtawala aliyekuja baadaye angeweza kukisoma kwa raha, akicheka, akisema: walikuwa wabaya watu wale! Hivyo ndivyo siasa iliyobandikwa na msomaji inavyoiua siasa iliyotiwa na mtungaji. Kitabu hakikusema kwamba wenye kuwafunga wajumbe ni watu wa rangi fulani. Kilisema kwamba serikali inayomwadhibu mtu aletaye shauri jema inajipiga upofu, awe mwenye serikali ni nani na bendera yake iwe ya rangi gani.

Ongezeni jambo jingine, ambalo wote wawili hulikwepa. Mtu yule yule aliyeandika Kusadikika alipewa nishani ya M.B.E. na serikali ya Kiingereza. Wale wa maadili huitaja nishani hiyo kuthibitisha kwamba hakuwa na ugomvi na mtu. Wale wa upande mkali huificha, kwa kuwa haipatani na picha yao. Mimi naona nishani haithibitishi hili wala lile. Mtu aweza kutumikia serikali kwa uaminifu, akapokea nishani yake, na usiku akaandika ukweli juu ya dhuluma. Sisi tuliokaa mezani twajua kwamba mtu wa namna hiyo si kioja.

Mfano wa tatu utawakera vijana. Nao ni utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama huyu, akiwa mgonjwa, amwita binti yake aje na wino na karatasi, kisha ampa wasia juu ya dini, adabu, na jinsi ya kumridhisha mume. Wako wasemao kwamba utendi huu ni mnyororo wa wanawake na haufai kuwamo katika kabati letu. Wako na wasemao kinyume, kwamba mama alikuwa akicheka chini ya ushungi, na kwamba sifa zote za utii ni kejeli kwa wanaume.

Wote wawili wana haraka. Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mkuu wa Siu, aliyepigana miaka mingi na majeshi ya Sayyid Said. Hakuwa mwanamke asiyejua utawala ni kitu gani. Alilala nyumba moja na vita. Mama kama huyo, anayekaribia kufa na kumwacha binti yake katika nchi ya hatari, ampa nini? Ampa njia ya kuishi salama katika nyumba ya mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Hiyo ni siasa, tena katika maana zake zote mbili, ile ya utawala na ile ya upole wenye akili. Yamkini sisi hatuutaki tena ulimwengu ambao mwanamke alihitaji wasia wa namna hiyo. Hata mimi siutaki. Lakini hatuwezi kujua ulimwengu ule ulikuwaje tukiutupa utendi, wala hatuwezi kujua tukimfanya mama aseme yaliyo yetu. Na jambo moja limo katika tungo yenyewe, halihitaji kubuniwa: wasia huu umetoka kwa mwanamke, umekwenda kwa mwanamke, kwa wino na karatasi. Asomaye aone hilo kwanza, ndipo ahukumu.

Mfano wa nne watoka mbali, lakini umekwisha kuwa wetu kwa lugha. Mwalimu Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanganyika na wa Tanzania, alifasiri michezo miwili ya Shakespeare. Wa Julius Caesar ulichapishwa mwaka 1963, na wa pili ulitoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Ndugu wanaosema vitabu vya kale havina siasa wajiulize kwanza kwa nini mtawala, akiwa na kazi zote za nchi mpya juu ya mabega yake, alitumia saa zake kufasiri habari za mtawala aliyeuawa na rafiki zake. Sitadai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake. Nasema tu kwamba yeye hakuona Shakespeare kuwa mapambo ya kabati.

Lakini jina la mchezo wa pili ndilo lenye mafunzo. Kwa Kiingereza jina hilo humtaja mfanya biashara mmoja. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi, nao ni mabepari. Neno bepari lenye asili ya Kihindi lilikuwa na maana ya mfanya biashara, kwa hiyo mfasiri hakuvunja sheria ya lugha. Hata hivyo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hakuna aliyelisikia neno hilo kwa sikio la zamani. Lilikuwa jina la adui. Basi msomaji wa mwaka 1969 alipewa hukumu katika jalada la kitabu kabla hajalifungua.

Je, ilikuwa halali? Nasema kwa sehemu ilikuwa halali, kwa sehemu ilikuwa hasara. Halali, kwa sababu mchezo wenyewe unahusu mali. Mna mkopo wa ducat 3,000, mna hati yenye sahihi, na dhamana yake ni ratili ya nyama ya mwili wa mtu. Hapo hakuna haja ya kubandika kitu, fedha imo. Hasara, kwa sababu Antonio na Shylock si watu wa namna moja. Antonio hukopesha bila riba. Shylock hutoza riba. Tena ugomvi wao si wa riba tu. Shylock ametemewa mate ndevuni na Antonio kwa kuwa ni Myahudi, kisha Antonio huyo huyo amwendea kukopa. Msomaji aliyeambiwa kwamba humu mna mabepari tu atahesabu fedha vizuri sana, lakini mate hatayaona. Naye asiyeyaona mate hajui kwa nini mtu angekataa kulipwa fedha zake mara mbili na zaidi, akadai nyama isiyofaa kuliwa wala kuuzwa.

Katika mchezo huo huo mna mahali ambapo siasa imesimama wazi, na makundi yote mawili hupapita mbio. Shylock, mbele ya Mtawala wa Venisi, awakumbusha wakubwa wa mji kwamba nao wana watumwa walionunuliwa, ambao huwatumia kama punda na mbwa kwa hoja kwamba wamewanunua. Awauliza kama wangekubali kuambiwa wawaachilie huru na kuwaoza watoto wao. Basi kama mali ni mali, yeye naye amenunua ratili yake. Hoja hiyo haikujibiwa. Barazani pale hakuna aliyesimama kusema kwamba utumwa ni haramu; mazungumzo yaligeuzwa upande mwingine.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki, ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na ambao utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, tuna haki gani ya kupita hapo tukisifu uzuri wa lugha? Nchi yetu haikulazimishwa kuingia humo. Mchezo wenyewe umetufungulia mlango. Na hii ndiyo tofauti ninayoigombania. Siasa hii haikuletwa na msomaji. Iliandikwa London mwisho wa karne ya 16, ikangoja msomaji mwenye macho.

Sasa nageukia hoja ya ndugu zangu wa hadhari, ambayo najua ina uzito. Wao husema: sisi ni watumishi wa serikali, na mtumishi haruhusiwi kushika siasa. Nawaheshimu kwa sababu hoja yao ina historia. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 chini ya uongozi wa Martin Kayamba kilikuwa cha watu wenye kutembea kwa uangalifu. Mwaka 1953 serikali ya Tanganyika iliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa bila ya wengi wao kuweza kuingia waziwazi. Mtu aliyelelewa na wazee wa zama hizo hujifunza kuangalia nyuma kabla ya kufungua kinywa.

Lakini tupambanue. Kukatazwa kubeba kadi ya chama ni jambo moja; kukatazwa kuelewa usomacho ni jambo jingine, na hakuna waraka wa serikali ninaoujua uliowahi kuamuru hilo la pili. Ndugu zangu wamejitungia waraka huo wenyewe, wakautia sahihi wenyewe, na sasa wanautii. Hofu ikikaa sana mezani hupata cheo. Tena tukumbuke kwamba mtungaji wa Kusadikika alikuwa ndani ya utumishi huo huo, akiwa na mke na watoto wa kulisha na kazi ya kupoteza. Kama yeye aliweza kuandika, sisi hatuwezi hata kusoma?

Kwa hiyo naleta kanuni mbili, nazo nadhani zatosha kwa barazani petu.

Kanuni ya kwanza: kila asemaye kwamba siasa fulani imo kitabuni, aionyeshe kwa kidole. Ukurasa gani, tendo gani, neno gani. Karani hodari hapeleki dokezo kwa mkuu wake bila kutaja folio, wala hasomi dokezo la juu akaacha barua zilizo chini yake. Tumeizoea adabu hiyo kwa mambo ya posho na mizigo. Itakuwa aibu tukikosa kuitumia kwa maneno ya malenga. Na aonyeshaye aonyeshe pia yale yasiyompendeza: mate pamoja na fedha, nishani pamoja na hadithi, utii pamoja na wino.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi: siasa ya kitabu ianze kumpima msomaji kabla ya kuwapima wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Na wasomaji wengi wa siasa hupenda kitabu kwa sababu ni mkuki kwa nguruwe. Wao husoma Kusadikika wakafurahi kumwona waziri, kwa kuwa wao si mawaziri. Basi nawauliza makarani wenzangu swali ambalo kitabu hakikuliandika, lakini hutuachia tunapokifunga. Wajumbe sita walifungwa. Katika nchi yo yote tuijuayo sisi, kifungo kina hati. Hati haijiandiki. Kuna mkono ulioinakili, kuna mkono ulioipiga mhuri, kuna mtu aliyeangalia kama jina limeandikwa sawasawa, akaitia katika bahasha, kisha akaenda nyumbani kula. Mtu huyo alikuwa nani?

Hilo ndilo swali linalowatisha ndugu zangu, nami sidhani kwamba hofu yao ya kweli ni kuambiwa wana siasa. Wale wanaotaka maadili bila siasa wanataka maadili yasiyofika ofisini. Wale wanaotaka siasa bila kitabu wanataka siasa isiyofika kwao. Kitabu kikisomwa chote, kwa uaminifu, hufika mahali pote pawili. Humkuta karani mezani pake, na kumwuliza kama leo alilichelewesha jalada la mjane kwa sababu hakuona faida ya kuliharakisha, na kama lile shauri jema la mtu wa chini alilipeleka juu au alilitia chini ya rundo. Huo ni utawala pia. Tena ndio utawala ambao raia wengi huuona kwa macho, maana waziri hawatamwona maisha yao yote.

Naomba basi shauri la kupanga kabati upya likataliwe katika mkutano ujao. Kusadikika kibaki, Muyaka abaki, Mwana Kupona abaki, na Mabepari wa Venisi wabaki. Naomba zaidi ya hapo: kitabu kimoja kisomwe na wote kila baada ya miezi miwili, na mazungumzo yafuate kanuni hizi mbili, kila msemaji akiwa na kitabu mkononi. Asiye na kitabu mkononi asikilize. Wenye hadhari wataona kwamba hakuna mtu aliyepoteza kazi kwa kusoma vizuri. Wenye ukali wataona kwamba marehemu wanajua kusema wenyewe wakipewa nafasi.

Kama ikiwa lazima tuanze na kimoja, tuanze na kile cha karani mwenzetu. Nakala ya chama imo katika kabati, rafu ya pili. Mwenye kutaka kuipinga hoja yangu aiazime, aisome yote, kisha aje aniambie ukurasa.

Wasalaam,
Mwanachama